Watu Wazima wa Kwenye Katuni

Jamani, hawa wanaotunga katuni za watoto wapelelezi, wazazi wao waliwafanya nini?

Nauliza kwa sababu ikifika saa ya taarifa ya habari, rimoti si yangu tena. Kisimbuzi nalipia mimi, umeme wa Luku nanunua mimi, ila mwenye runinga ni Salma wa darasa la tano. Mara vijana wanne na mbwa wanafukuzana na mzimu. Scooby-Doo hiyo, imeanza Marekani mwaka 1969, na hadi leo ukimvua mzimu sura ya bandia, chini yake unakuta mtu mzima! Mara nyingi alikuwa anatisha watu wahame ili abaki na mali. Sasa huko si kujitesa? Tapeli wa viwanja wa hapa Dar havai sura ya bandia hata siku moja. Anavaa suti, ana mhuri, anawauzia kiwanja kimoja watu watatu mchana kweupe na soda mnamnunulia.

Afadhali huyo mwizi, angalau ana mipango. Kinachoniuma ni yule Kogoro wa Detective Conan, ya Wajapani, iliyoanza kwenye runinga 1996. Mzee mzima, ana binti mkubwa, ana ofisi ya upelelezi yenye jina lake. Kila kesi ikiiva, mtoto anamlenga na kasindano ka usingizi kanakofyatuka kwenye saa ya mkononi. Mzee puu, kwenye kiti! Mtoto anajibanza nyuma yake, anaigiza sauti yake kwa tai ya shingoni, anamtaja muuaji. (Najua si mtoto kweli, ni kijana aliyenyweshwa sumu akanywea, Salma keshanisuta mbele ya wageni.) Mzee akizinduka anapewa hongera, naye anapokea! Miaka yote hiyo unazimika kazini mbele ya polisi, hujawahi hata kwenda kupima presha?

Nikamwambia Salma hayo ni matusi kwa wazee. Akanijibu bila kunitazama, "Sasa baba, mkijua nyie, sisi tutafanya nini?"

Hapo ana hoja, siwezi kukataa. Ila hao watoto wao waletwe Tandika tuone. Wavizie nyumba ya watu usiku na tochi zao. Hawajamaliza uchochoro, mama wa chapati keshawaona: "We! Si mtoto wa Mwajuma wewe? Saa hizi unatoka wapi? Mama'ko anajua?" Upelelezi umeishia hapo. Bodaboda wa kijiweni keshampigia simu baba mtu, na mjumbe wa shina anatafuta kandambili zake atoke. Na kesi yenyewe wangepeleleza nini? Bibi wa barazani anajua kwamba mpangaji wa nyumba ya kijani alihamia na begi moja, akatoka alfajiri na mawili, na la pili lilikuwa la nani. Hajaondoka kwenye mkeka wake. Mzee wetu ukimchoma sindano ya usingizi ataota na kesi yenyewe, aamke akuulize umeswali.

Lakini nani wa kumweleza Salma? Juzi chenji ya mkate imepotea juu ya friji. Kaja na daftari la hesabu, kageuza nyuma, kapiga mstari, kaketi mbele yangu.

"Baba, jana saa mbili usiku ulikuwa wapi?"

"Foleni, mwanangu. Buguruni pale hapapitiki."

Akaandika. Akasoma alichoandika. Akakuna kichwa na peni.

"Jana Jumapili, baba."

Nikamwambia akalale, kesho shule. Mama yake huyo, katoka jikoni na mwiko unadondosha ugali:

"Aende kulala wapi? Mjibu mtoto, Baba Salma."