Sijafilisika, Naendesha Baiskeli

Juzi nilituma picha kwenye grupu la familia: niko juu ya baiskeli hapa Utrecht, mvua inanyesha, nimevaa koti la plastiki. Shangazi akawahi kujibu: "Mwanangu, miaka yote hiyo Ulaya hata kagari hujapata? Na ulivyokonda!" Binamu yangu akanifuata pembeni kuuliza kama nimeachishwa kazi.

Jamani, sijafilisika. Uholanzi baiskeli ni nyingi kuliko watu. Mark Rutte alikuwa waziri mkuu na kazini alikwenda kwa baiskeli. Hapa stesheni kuna maegesho ya baiskeli 12,500. Asubuhi napishana na profesa, fundi bomba na bibi mwenye mvi, wala hakuna anayesema yuko mazoezini. Wanakwenda kwenye shughuli zao, basi.

Kwetu mazoezi ndiyo shughuli yenyewe. Jumamosi, fulana za sare, filimbi, nyimbo, barabara nzima inajua joging imepita. Kisha supu na chapati tatu, tuonane wiki ijayo. Mwaka 2016 Mama Samia, akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Nia njema kabisa, lakini siku nyingine zote tunafanya nini? Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki. Mimi nazipata kwa kwenda kazini na kurudi, na kukimbia sikupendi mpaka leo.

Nawasikia mnaguna. "Keshakuwa Mzungu huyo. Aje aendeshe Barabara ya Mandela tumwone!" Sithubutu, malori yale nayajua. Ila hata hawa Waholanzi njia zao za baiskeli hazikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua zaidi ya watu 3,000 nchini humu, mamia wakiwa watoto, na wazazi wakaandamana. Sisi hata ile njia ya miguu tuliyonayo tumempa mwenye meza ya viatu na bodaboda aliyechoka foleni.

Kwenye chakula, matajiri ni ninyi. Wenzangu kazini mchana wanakula mkate mkavu na jibini, kesho tena, keshokutwa tena, na wanaridhika! Mimi huku naota matembele, kisamvu cha nazi, kunde, dagaa. Ninyi mnavikuta gengeni mtaani, halafu mnaviita chakula cha shida. Mtu akipata pesa, chipsi zege na soda. Dona tumewaachia wenye sukari. Ukinywa chai bila sukari unaulizwa umepimwa lini. Yaani tunasubiri daktari atukataze ndipo tule kama walivyokula babu zetu. Hapo nisiseme kwa kuwa niko Ulaya? Nilikuwa nasema hivihivi nikiwa Mbagala, ila enzi hizo mlicheka tu.

Wala sidai kila mtu akanunue baiskeli. Mdogo wangu yuko hukohuko Mbagala. Jioni anashuka daladala kituo kimoja kabla ya chake, anamalizia kwa miguu. Nyumbani anapakua wali mara moja na mboga mara mbili. Hajanunua raba, hajalipa gym, na mwaka wa pili huu hajaacha. Kinachomchosha ni vijana wa bodaboda wanaomfuata kwa huruma: "Dada, leo nauli imekata? Panda, utalipa kesho."