Moi, Thatcher na haki ya kugeuza mgongo

Alipofariki Daniel arap Moi tarehe 4 Februari 2020, akiwa na umri wa miaka 95, Wakenya tunaoishi Uingereza tulijikuta tukibishana juu ya swali lile lile ambalo wenyeji wetu walikuwa wamelibishania miaka saba kabla, alipofariki aliyekuwa Waziri Mkuu wao, Margaret Thatcher: je, kiongozi ambaye wengine wanamshukuru hadi leo na wengine bado wanauguza majeraha ya utawala wake anastahili kuzikwa na taifa zima? Msiba wa kwanza ulinikuta hapa hapa Yorkshire Kusini. Wa pili niliufuatilia kwenye runinga, huku nikizungumza na mama kwa simu, yeye akiwa Likoni. Msimamo wangu hauwapendezi rafiki zangu wa upande wowote. Moi alistahili bendera juu ya jeneza lake, kwa sababu alikuwa Rais wa Kenya kwa miaka 24 na cheo hicho ni chetu sote, hakikuwa mali yake. Lakini hakustahili, wala hakuna kiongozi anayestahili, kwamba nchi nzima iamrishwe kuomboleza huku hesabu ya waliodhulumiwa ikiwa imefungiwa kabatini.

Nianze na Waingereza, maana nyumbani watu hudhani kwamba huku kila jambo limeandikwa na kupigwa muhuri. Sivyo. Kwa desturi, mazishi ya kitaifa ni ya mfalme au malkia, na mtu mwingine akipewa heshima hiyo, hupewa kwa idhini ya mtawala na Bunge. Winston Churchill alipewa mwaka 1965, na baada yake hakuna aliyepewa mpaka alipozikwa Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 2022. Thatcher alipewa kitu cha katikati, yaani mazishi ya kiheshima pamoja na heshima kamili za kijeshi, ya daraja moja na yale ya mama yake Malkia mwaka 2002. Ujanja wa mpango huo ni kwamba haukuhitaji kura ya Bunge, na kwa hiyo wabunge hawakulazimika kusimama mmoja mmoja kusema anastahili au hastahili. Hata hivyo, kwa macho ya mtu aliyesimama kando ya barabara tarehe 17 Aprili 2013, tofauti ilikuwa ndogo mno: jeneza lilibebwa juu ya gari la mzinga hadi Kanisa Kuu la St Paul's, Malkia mwenyewe alihudhuria, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa waziri mkuu yeyote tangu Churchill, na kengele ya Big Ben ilinyamazishwa. Serikali ilitangaza kwamba gharama ilifika pauni milioni 3.6, sehemu kubwa ikiwa ya polisi na ulinzi. Mwongozaji filamu Ken Loach alikuwa ameshapendekeza kwamba mazishi hayo yabinafsishwe, zabuni itangazwe na mwenye bei ya chini kabisa apewe kazi, kwa kuwa hivyo ndivyo marehemu mwenyewe angetaka. Naona kejeli ile iligusa penyewe kuliko hotuba nyingi za siku zile.

Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi katika nyumba ya kulea wazee. Sebuleni palikuwa na runinga moja kubwa, na asubuhi ya mazishi bibi mmoja aliyevaa gauni lake la kanisani aliomba iwashwe mapema. Yeye na mumewe walikuwa wapangaji wa nyumba ya halmashauri, wakaweza kuinunua kwa bei nafuu chini ya sheria aliyoileta Thatcher mwaka 1980, na kwa maneno yake, ndiyo mali pekee ambayo ukoo wao uliwahi kumiliki. Kiti cha pili kutoka kwake alikuwa akikaa mzee aliyefanya kazi chini ya mgodi wa makaa ya mawe tangu ujana wake, akagoma mwaka mzima wa 1984 hadi 1985 kupinga serikali ya Thatcher kufunga migodi, akarudi kazini bila chochote, na baada ya muda mgodi ukafungwa. Mzee hakugomba. Aliniomba nimsogeze pamoja na kiti chake chumba cha kulia, nikampelekea chai, na alikaa huko mpaka ibada ikaisha. Hakuna aliyemwambia kwamba hana adabu, wala hakuna aliyemzuia bibi kufuta machozi. Nje, katika kijiji cha Goldthorpe, ambacho hakiko mbali, wachimbaji wa zamani walifanya mazishi yao ya mzaha na kuchoma sanamu ya Thatcher siku ile ile. Na London wako waliosimama njiani na kuligeuzia jeneza mgongo lilipokuwa likipita. Kuchoma sanamu ya marehemu mimi nisingekufanya, nimelelewa vingine. Ila niliona kwamba dola ilizika kwa fahari yake yote na bado ikamwachia raia nafasi ya kukataa.

Sasa nyumbani. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza maombolezo ya kitaifa, bendera zikapepea nusu mlingoti hadi siku ya maziko. Kuanzia tarehe 8 hadi 10 Februari mwili uliwekwa katika majengo ya Bunge na maelfu ya watu wakapanga foleni kuutazama. Tarehe 11 ikatangazwa kuwa sikukuu ya umma na ibada ikafanyika katika Uwanja wa Nyayo, na kesho yake Moi akazikwa Kabarak kwa mizinga 19. Raila Odinga, ambaye chini ya utawala wa Moi alikaa kizuizini miaka mingi bila kufikishwa mahakamani, alisimama kumsifu. Hiyo ilikuwa haki yake binafsi na sina neno nayo; aliyefungwa ndiye mwenye kusamehe. Lakini mahabusu mmoja akisamehe hadharani, haina maana kwamba wengine wote wamesamehe.

Tazama ile tarehe 10 Februari. Siku kama hiyo mwaka 1984, katika Wajir, vikosi vya usalama vilianza kuwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia na kuwapeleka katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakazuiliwa huko siku kadhaa bila maji wala chakula, na wengi wakauawa. Serikali ilianza kwa kukiri vifo 57. Hesabu za waliookoka na za wachunguzi zinataja mamia na hata maelfu. Kwa hiyo mwaka 2020 familia za Wagalla ziliadhimisha miaka 36 ya mauaji hayo siku ile ile ambayo mwili wa aliyekuwa Amiri Jeshi Mkuu ulikuwa umelazwa Bungeni kwa heshima. Sidhani kama kuna mtu aliyekusudia. Ninavyoona mimi, hakuna aliyekumbuka, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu mtu aliyekusudia angalau angekuwa anajua. Na kuhusu ibada yenyewe, Uwanja wa Nyayo na jumba la Nyayo House yako kando ya barabara moja, Uhuru Highway, na yanabeba jina la falsafa moja, ile ya Nyayo ya Moi mwenyewe. Katika vyumba vya chini vya jumba hilo ndimo walimoteswa watu walioshukiwa kuwa wanachama wa Mwakenya, kundi la siri lililompinga Moi, wakisimamishwa ndani ya maji, gizani, wasijue mchana wala usiku. Mahakama zetu zimekwisha kukubali kwamba hayo yalitendeka na kuamuru walipwe fidia, na baadhi yao wamezeeka wakiidai.

Mama yangu hakubaliani nami, na sababu zake si za kupuuzwa. Kwake Moi ni maziwa ya Nyayo, yale ya pakiti za pembetatu yaliyogawiwa bure katika shule za msingi tangu mwaka 1979, ambayo mimi na ndugu zangu tuliyanywa tulipokuwa wadogo na nyumbani hakuna cha ziada. (Waingereza hucheka ninapowasimulia, kwa sababu Thatcher, alipokuwa waziri wa elimu mwaka 1971, aliwanyang'anya maziwa ya bure watoto waliozidi miaka saba, na jina la mnyang'anyi wa maziwa likamganda mpaka kaburini.) Lakini mama huyo huyo anaukumbuka Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilipovamiwa na nyumba za watu wa bara zikaanza kuchomwa, miezi michache tu kabla ya uchaguzi. Jirani yetu, fundi cherehani, alikimbilia kanisa Katoliki pamoja na maelfu ya wengine akiwa amebeba kichwa cha cherehani yake begani, akaiacha meza, na hakurudi tena mtaani. Mama anasema ya Likoni yalitendwa na wanasiasa wadogo. Huenda. Lakini sifa ya maziwa anapewa mkubwa, na lawama ya moto wanaachiwa wadogo. Sijaona mgawanyo wa namna hiyo ukiitwa haki mahali pengine popote.

Huambiwa vilevile kwamba marehemu hasemwi. Sisi Waislamu wa Pwani tumefundishwa kutaja mema ya wafu wetu, na tumefundishwa pia kuwahi kuwasitiri: mtu akifa asubuhi, mara nyingi jioni amekwisha kuzikwa kwa sanda ya kitambaa cheupe, awe tajiri au mchukuzi wa bandarini. Mafunzo hayo nayaheshimu. Ila adabu hiyo ni ya waja mbele ya kaburi, nayo inamtaka mfiwa anyamaze kwa hiari yake kwa kumhofia Mungu. Serikali inapotangaza sikukuu ya umma na kuipa kila runinga nchini neno moja la kusema, haiko matangani. Inaandika historia, na inaiandika wakati ambao kumkosoa mwandishi ni utovu wa adabu.

Kenya ilikwisha kuandikiwa sehemu ya historia hiyo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliwasilisha ripoti yake mwaka 2013, na tangu hapo Bunge halijaipitisha. Mwaka 2015 Rais Kenyatta aliomba radhi kwa niaba ya serikali na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa ajili ya waathiriwa, na mpaka Moi anazikwa, waathiriwa walikuwa wakiuliza fedha hizo ziko wapi. Nchi iliyoshindwa kujadili ripoti kwa miaka saba ilimudu kupanga mazishi ya kitaifa kwa siku nane. Hapo ndipo ninapopingana na wanaosema kwamba heshima zile zilikuwa za cheo tu. Cheo kingetosheka na bendera, gwaride na mizinga pale Kabarak. Siku tatu za Bunge, uwanja na sikukuu zilikuwa kwa ajili ya mtu, na kwa ajili ya watu walio hai waliotaka kuonekana wakiwa karibu naye.

Kwa kumtendea haki, Moi alifanya jambo ambalo wengi barani hawakulifanya: mwaka 2002 mgombea wake alishindwa na yeye akaondoka. Alipokwenda Uhuru Park kukabidhi madaraka, umati ulimzomea na kumrushia matope, naye akavumilia. Nimekuwa nikiwaza kwamba siku ile Wakenya waligeuza mgongo kwa namna yao, naye akiwa hai na akiona, na pengine hilo ni la uungwana kuliko kumngoja mtu afe.

Wala sitaki nieleweke kuwa nawapigia Waingereza makofi. Januari 1988 Thatcher alimtembelea Moi Nairobi kama rafiki, wakati watu wakiwa ndani ya vyumba vya Nyayo House na majuma machache kabla ya ule uchaguzi wa mlolongo, wapiga kura walipopangwa foleni nyuma ya wagombea. Na hapa Yorkshire Kusini wenyewe walizika kabla ya kuhesabu. Juni 1984 polisi waliwavamia wagomaji huko Orgreave. Watu 95 wakashtakiwa, na kesi ikaporomoka mwaka uliofuata kwa sababu ushahidi wa polisi haukuaminika. Uchunguzi rasmi wa kisheria juu ya siku hiyo ulikuja kutangazwa mwaka 2025, miaka 12 baada ya mazishi ya Thatcher. Mzee wangu wa chumba cha kulia hakuwahi kuusikia. Tofauti kati ya huku na kwetu, basi, si kwamba wao ni wakweli zaidi. Ni kwamba mtu wao aliweza kuondoka sebuleni, na kwetu sebule ilikuwa nchi nzima.

Oktoba 2025 tukarudi pale pale, alipofariki Raila Odinga. Familia ilieleza kwamba alitaka azikwe upesi, ndani ya saa 72, na ingawa alipewa mazishi ya kitaifa, ndani ya siku chache alikuwa amekwisha kulazwa Bondo. Thatcher naye alikuwa amekataa ndege za kijeshi kuruka juu ya msafara wake. Ikiwa wahusika wenyewe wanaweza kupunguza fahari, Bunge halishindwi kuiwekea mipaka: bendera na gwaride kwa kila aliyekuwa mkuu wa nchi, pasipo kubagua na pasipo mjadala juu ya maiti, sikukuu ya umma na kulazwa Bungeni iwe kwa kura ya wazi ya wabunge, majina yao yakisomwa, na kura hiyo isipigwe kabla ya kujadiliwa ripoti yoyote rasmi inayomtaja marehemu. Wabunge watasema jambo hili ni nyeti na wakati wake haujafika. Rais wetu mstaafu aliyebaki, Uhuru Kenyatta, yuko hai na ana afya, msiba hauko mlangoni kwa mtu yeyote, na sioni wakati mwingine ambao sheria kama hiyo inaweza kuandikwa bila kumlenga mtu fulani.