Bajeti ya alamu za pamoja: msihesabu mitambo tu, hesabuni na watu

Jamani hili la manispaa kuunganisha alamu za majengo yake yote kwenye kituo kimoja mi naliunga mkono kabisa, maktaba, shule, stoo ya dawa, nyumba za pampu za maji, zote zinatoa taarifa sehemu moja badala ya kila idara kuwa na mkataba wake, kampuni yake na bei yake. Hapo hela inaokolewa kweli. Kinachoniuma ni bajeti yenyewe inavyopangwa, maana mara nyingi unakuta kifungu kinono cha kununua mitambo mwaka wa kwanza, alafu kuanzia mwaka wa pili kuna kihela cha "uendeshaji" ambacho hakitoshi hata kulipia zamu za usiku.

Hebu tupige hesabu ya kiti kimoja tu cha mtu anayepokea alamu pale kituoni. Wiki ina saa 168, mtu anafanya kazi saa 40, kwa hiyo kiti hicho kisikae wazi hata dakika moja kinataka watu 4.2, na hapo hakuna aliyeenda likizo, hakuna aliyeumwa, hakuna aliyepelekwa mafunzo. Weka na hayo, unafika watano na zaidi. Na kumwacha mtu mmoja peke yake usiku kucha mi naona ni hatari, akienda msalani na moshi ukaanza maktaba nani anapokea? Basi viti viwili, watu kumi na kitu. Mishahara hiyo inatakiwa ionekane kwenye rasimu kabla ya bei ya skrini.

Alafu kuna betri. Ndani ya kile kiboksi cha alamu ukutani mara nyingi kuna betri ya volti 12, ndo inayobeba mzigo umeme ukikatika, na kwa kawaida inabadilishwa kila baada ya miaka mitatu mpaka mitano. Ikizeeka inavimba ubavuni, fundi akifungua tu anaiona, lakini yule wa kituoni anachoona ni alama ya betri dhaifu ambayo imekaa kwenye skrini miezi na miezi mpaka kila mtu ameizoea. Betri moja si hela nyingi, shida ni nani analipa, idara ya elimu inasema ni ya kituo, kituo kinasema jengo ni la elimu, na betri inaendelea kuvimba.

Njia ya mawasiliano nayo inasahaulika. Kule Marekani kampuni ya simu ya AT&T walizima mtandao wao wa 3G Februari 2022 na alamu zilizokuwa zinautegemea ilibidi zibadilishiwe vifaa la sivyo zinabaki bubu, na Uingereza simu za waya za zamani wamepanga kuzizima kabisa Januari 2027. Yaani kifaa kinaweza kuwa kizima ila njia imekufa. Hela ya kubadilisha itengwe kidogo kidogo kila mwaka, isisubiri kuombwa kwa dharura.

Kwenye kugawana gharama, kugawa kwa ukubwa wa idara mi sikubaliani nako. Kila jengo lilipe kiwango sawa kwa kuunganishwa, alafu juu yake idara ilipie alamu za uongo inazosababisha, kwa sababu hizo ndo zinazokula muda wa watu. Marekani zaidi ya asilimia 90 ya alamu za wizi zinazofika polisi ni za uongo, na jiji la huko la Salt Lake City walipoanza mwishoni mwa 2000 kudai alamu ya wizi ithibitishwe kwanza kabla polisi hawajatoka, safari hizo zilipungua kwa karibu asilimia 90. (Za moto ni habari nyingine, hizo zinakimbiliwa tu.) Mkuu wa idara akiona bili atatengeneza ule mlango unaotingishwa na upepo. Ila chache za mwanzo zisitozwe, la sivyo kuna watu watazima alamu kukwepa bili, na kila inapozimwa kituo kione.

Kwa hiyo madiwani, uendeshaji upewe kasma yake ambayo haihamishwi katikati ya mwaka kwenda kuziba mashimo mengine, na kabla hamjapitisha ununuzi mwambieni mweka hazina alete gharama za mwaka wa tano, mishahara, betri, laini, vyote. Kama karatasi hiyo haipo mezani, zabuni isitangazwe.