Watu 18, jina moja: jina adimu la ukoo linathibitisha nini?

Mwaka 2007, Turi King, Mark Jobling na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leicester walichapisha habari za mwanamume mmoja Mwingereza, Mzungu kwa sura, asiyejua Mwafrika yeyote katika ukoo wake. Kromosomu yake ya Y, kipande cha vinasaba ambacho baba humrithisha mwanawe wa kiume, ilikuwa ya kundi A1, kundi la Waafrika, na ilifanana zaidi na za watu wa Afrika Magharibi. Kisa cha namna hiyo kilikuwa hakijawahi kuripotiwa Uingereza wala kwingineko Ulaya Magharibi. Mtafiti mwingine angeweza kudhani sampuli zimechanganywa maabara. Hawa walikuwa na fununu moja ya kufuata, nayo ni jina la ukoo la yule bwana. Lilikuwa jina adimu, la mashariki ya Yorkshire, kaunti ya kaskazini mwa England. Wakawatafuta wanaume 18 wenye jina hilo hilo na kuwapima. Saba walikuwa na kromosomu ya A1. Kumi na mmoja hawakuwa nayo.

Jina lenyewe hawakulitaja katika makala yao. Baadaye lilifika magazetini, lakini nami nitaliacha lilipo. Wanaolibeba ni wachache kiasi kwamba kulitaja ni sawa na kuwapeleka wageni mlangoni kwa watu.

Saba kwa kumi na mmoja. Nimezirudia hesabu hizo mara nyingi, kwa sababu wanaobishana kuhusu majina ya ukoo ya Waingereza wamegawanyika pande mbili, na kila upande unaweza kuchukua namba hizo ukaondoka umefurahi. Wapo wanaosema jina adimu ni uzi unaompeleka mtu moja kwa moja kwa babu mmoja, katika kijiji kimoja. Wapo wanaosema uzi huo umekatika na kufungwa upya mara nyingi mno kuweza kuaminiwa.

Kwanza tuelewane kuhusu jina la ukoo la Kiingereza. Kwetu mtu akitaja majina matatu, la tatu mara nyingi ni la babu, na mwanawe atalisogeza mbele, kwa hiyo jina halidumu vizazi vingi. Wenye nisba, kina Mazrui na Busaidi, ndio watakaoielewa hali ya Waingereza haraka zaidi. Huko majina ya kurithiwa yalianza kushika baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066, kwa mabwana wenye ardhi kwanza, na kufikia mwaka 1400 hivi familia nyingi za England zilikuwa nayo. Mengine yalitokana na kazi, mengine na jina la baba, mengine na utani, mengine na mahali. Smith, yaani mhunzi, liliweza kuzaliwa katika kila kijiji chenye fuawe. Jina lililotokana na shamba moja au kitongoji kimoja lilikuwa na nafasi ndogo sana ya kuzaliwa mara ya pili.

Hapo ndipo hoja ya upande wa kwanza inapoota mizizi. Mwaka 1890 Henry Brougham Guppy alijaribu kuonyesha kila jina lina makao wapi Uingereza, na kwa hesabu yake aliwachagua wakulima wenye mashamba, kwa kuwa ndio waliohama kidogo kuliko watu wote. Leo kazi hiyo inafanywa kwa sensa ya mwaka 1881, ambayo imeingizwa yote kwenye kompyuta. Ukichora ramani ya jina la kawaida, nchi nzima inajaa rangi. Ukichora la jina adimu unaona doa moja, pengine parokia tatu au nne zinazopakana, halafu vidoa London na kwenye miji ya viwanda ambako vijana walifuata ajira. George Redmonds, mwanahistoria aliyetumia maisha yake kwenye hati za Yorkshire, alishikilia kwamba majina mengi ya huko yalianza na familia moja tu. Kwa muda mrefu hoja yake iliegemea karatasi.

Kisha kikaja kipimo. Kromosomu ya Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, njia ileile inayopitwa na jina la ukoo la Kiingereza. Mwaka 2000, Bryan Sykes wa Oxford alianza na jina lake mwenyewe, jina la watu wa Yorkshire lenye maana ya kijito au mfereji. Vijito Yorkshire ni vingi, na maandishi yalikuwa yanaashiria kwamba jina lilianza mahali pengi kwa watu wasiohusiana. Kupima kwenyewe ni kazi nyepesi: brashi ndogo inafika kwa posta, unasugua ndani ya shavu, unairudisha katika bahasha. Kati ya wanaume 48 wenye jina hilo, karibu nusu walikuwa na kromosomu ya Y ya aina moja, aina ambayo haikuonekana kwa majirani zao wenye majina mengine. Sykes akahitimisha kwamba wote waliopo leo wanatokana na mwanzilishi mmoja, na kwamba waliobaki waliingia kwenye jina kupitia mianya ya ndoa kwa miaka 700.

Timu ya Leicester ikapanua wigo. Mwaka 2006 walichukua jozi 150 za wanaume, kila jozi ina jina lake na wawili hao hawajuani kama ndugu. Takriban jozi moja kati ya nne ilionyesha babu wa pamoja, na kwa majina adimu uwiano ulikaribia nusu. Mwaka 2009 King na Jobling walipima wanaume 1,678 wa majina 40. Kina Smith hawakufanana wao kwa wao kuliko watu wowote waliookotwa barabarani. Kina Attenborough na kina Swindlehurst, zaidi ya asilimia 70 walikuwa na kromosomu ya Y ileile au inayokaribiana nayo sana. Mtu angeishia hapo, angesema kesi imekwisha: jina likiwa adimu, babu ni mmoja.

Mimi siishii hapo, na sababu yangu ya kwanza ni hesabu.

Mwaka 1873 Francis Galton, mwanasayansi Mwingereza, aliuliza swali lililokuwa linawasumbua wakubwa wa enzi hizo: kwa nini majina ya familia tukufu yanakufa? Mchungaji Henry Watson alimjibu kwa hesabu, na mwaka 1874 wakachapisha pamoja. Watson alikosea mahali, akasema kila jina mwishowe litakufa, na kosa hilo lilisahihishwa kikamilifu mwaka 1930 na Steffensen wa Denmark. Lakini wazo la msingi lilisimama. Mwanamume akizaa mabinti watupu, jina lake linaishia kwake. Wanawe wakifa na tauni, jina linaishia kwao. Chukua wanaume kumi walioanza na jina moja karne ya 14, wasiohusiana kabisa. Baada ya vizazi ishirini, tisa kati yao wanaweza kuwa hawana hata mjukuu mmoja wa kiume, na wa kumi akawa amejaza parokia nzima. Mpimaji wa leo atakuta kromosomu moja na kutangaza mwanzilishi mmoja. Alichokiona ni mbegu moja iliyobahatika kuota, na zile tisa hazina wa kuzisemea.

King na Jobling wenyewe wanalijua hilo vizuri, na waliliweka wazi kwamba bahati ya uzazi ina nguvu kubwa kwenye majina adimu. Ndiyo maana nashangaa kuona wauzaji wa vipimo vya nasaba wakilinyamazia. Hoja inageuka kichwa chini: uchache wa jina, ambao tulidhani ni ushahidi wa babu mmoja, unaweza kuwa ndio uliowafuta mababu wengine.

Sababu ya pili ni karatasi. Madaftari ya parokia yalianza mwaka 1538 kwa amri ya Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, na karani aliandika alichosikia. Mwaka 1582 William Shakespeare alipotaka kuoa, dhamana ya ndoa ilimwandika Shagspere, na siku moja kabla, ukurasa wa daftari la askofu ulimwandika bibi harusi kwa jina la Whateley badala ya Hathaway. Huyo ni mtu ambaye kila karatasi yake imechunguzwa kwa miwani ya kukuza. Fikiria kibarua wa shambani asiyejua kusoma, amehamia parokia nyingine, na karani hajawahi kusikia jina lake. Jina adimu ndilo linalopotoka kwa urahisi zaidi, kwa sababu karani huvutwa kuelekea jina analolijua. Kuna majina yanayoonekana adimu leo kumbe ni makosa ya tahajia ya majina ya kawaida.

Ya tatu ni ndoa. Kwa desturi ya Uingereza mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alichukua jina la mama yake. Mjane akiolewa tena, wanawe waliweza kukua na jina la baba wa kambo. Mara nyingi hapakuwa na siri wala aibu kubwa, maisha tu. Tuseme ni wana wawili kwa kila mia katika kila kizazi. Ni kidogo. Lakini baada ya vizazi ishirini, karibu theluthi ya wenye jina hawatakuwa na kromosomu ya mwanzilishi. Na mwenye kudhani wakubwa wamesalimika amtazame Mfalme Richard III, ambaye mifupa yake ilichimbuliwa Leicester mwaka 2012. Watafiti walipima wanaume watano walio hai, wanaotajwa kwenye maandishi kuwa wa mstari wa kiume wa ukoo wake kupitia familia ya Somerset, yenye cheo cha Duke wa Beaufort. Hakuna hata mmoja aliyelingana na mfalme. Na kati ya watano hao, mmoja hakulingana na wenzake wanne. Nasaba iliyoandikwa kwa wino wa dhahabu imekatika angalau mara mbili.

Turudi Yorkshire, maana kule hoja zote hizi zinakutana katika familia moja.

Hati ziliwagawa wale saba katika nasaba mbili, kila moja ikirudi nyuma hadi kwa babu aliyeishi Yorkshire mwishoni mwa karne ya 18. Kwa karatasi, nasaba hizo hazikuungana. Kwa vinasaba zinakutana vizazi vichache nyuma yake. Kwa hiyo jina lilikuwa limesema kweli: lilimpeleka mtafiti mpaka kwa ndugu ambao wenyewe hawakujua ni ndugu, katika kaunti ileile. Bila jina adimu, kromosomu ile ingebaki kioja cha mtu mmoja. Upande wa kwanza una haki ya kujivunia hilo.

Lakini Mwafrika huyo aliingiaje katika jina la Yorkshire, na lini? Wapo wanaopenda jibu la Warumi, na ushahidi wa Waafrika wa enzi hiyo haukosekani. Kaizari Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, alifia York mwaka 211. Kikosi cha Wamauri kililinda ngome kwenye ukuta wa Hadrian, ukuta wa Warumi kaskazini mwa England, katika karne ya tatu. Mimi nasitasita. Wengi tunaowajua wa wakati huo walitoka kaskazini mwa Afrika, na kromosomu hii inaelekea magharibi. Kuanzia karne ya 16 Waafrika wa magharibi walikuwapo England, na kufikia theluthi ya mwisho ya karne ya 18 nchi inakadiriwa kuwa na watu weusi wapatao 10,000, wengi wao watumishi majumbani. Hiyo inatosha kuleta babu mmoja Yorkshire, ingawa vinasaba peke yake haviwezi kumfungia mlango Mrumi.

Kuhusu namna alivyopata jina, njia ni zilezile za kawaida. Pengine alibatizwa kwa jina la bwana wake. Pengine binti wa ukoo huo alizaa naye na mtoto akabaki na jina la mama. Njia ya pili naiona nyepesi zaidi, kwa sababu inaeleza papo hapo wale kumi na mmoja: jina lilikuwapo kabla yake, na yeye aliingia kwa mlango wa upande.

Nikilazimika kuchagua upande, nasema jina adimu ni shahidi mzuri sana wa mahali na shahidi dhaifu wa damu. Ukiniambia jina lako ni Swindlehurst nitajua nianze kupekua madaftari ya wapi. Babu yako ni nani, hapo nitanyamaza mpaka nione hati. Na hata kromosomu ya Y ikilingana, inamsemea babu mmoja tu. Ukirudi vizazi kumi una nafasi 1,024 za mababu na mabibi. Kromosomu hiyo inajaza moja. Wale saba wa Yorkshire wana Mwafrika katika mstari wa jina, lakini binamu zao wa upande wa kike, wenye majina mengine kabisa, wanaweza kuwa na babu huyohuyo na hakuna brashi ya shavuni itakayomwonyesha kwa njia hii.

Kwa upande mwingine, wapo Waingereza wanaopenda kutumia majina ya zamani kama kibali cha kuwa wenyeji halisi: jina letu limo kwenye madaftari tangu zamani, kwa hiyo sisi ndio wenye nchi. Wanaume hawa saba wana jina la Yorkshire, babu aliyeishi Yorkshire, na katika karibu kila seli ya mwili wao yenye kiini kuna kipande kilichotoka Afrika Magharibi. Wenzao kumi na mmoja wana jina lilelile bila kipande hicho. Ukilisoma jina peke yake, hakuna alama yoyote ya kuwatenganisha.