Jinzi inapimwa shingoni, B ya kidato cha nne ya 2013 utaipimia wapi?

Pale soko la Karume, Dar, ukitaka jinzi ya mtumba husomi lebo. Unaikamata kiunoni unaizungusha shingoni, ncha zikikutana nyuma basi itakutosha, zisipokutana unairudisha kwenye rundo. Imeandikwa 32, imeandikwa 36, shauri yake. Mzigo umetoka kila kona ya dunia na kila nchi ina namba zake, gauni la 12 la Uingereza ni kama 8 ya Marekani na mwili ni ule ule.

Wamarekani walishajaribu kuweka utaratibu, mwaka 1958 wakatoa viwango vya serikali vya saizi za nguo za kike, 1983 wakavifuta, leo kila kampuni inajipangia na namba zimeendelea kushuka wakati kiuno hakijapungua hata inchi moja, maana mteja akiona kavaa namba ndogo anafurahi na anatoa hela. Uongo mtamu, na kiukweli kwa mtu mzima anayejaribu nguo dukani sioni kama una shida sana. Shida ni binti wa miaka 16 anayeagiza mtandaoni, XL ya China inamgomea mapajani anaanza kujiona kanenepa na kuruka chakula cha usiku, kumbe ile XL ni M tu ya mtumba.

Sasa njoo kwenye matokeo ya kidato cha nne. Ya 2012 yalipotoka Februari 2013 watoto zaidi ya 240,000 walikuwa na divisheni ziro, yaani wamefeli, nchi nzima ikawa msiba. Serikali ikafuta matokeo, ikaagiza yapangwe upya kwa utaratibu wa 2011, na kuna maelfu waliolala na ziro wakaamka na divisheni foo bila kushika kalamu tena. Baadaye mwaka ule ule zikaja gredi mpya, B+ ikaanzia 60, B ikaanzia 50, F ikawa chini ya 20, ikatangazwa mpaka divisheni faivu, watu wakacheka ziro ikarudi. Matokeo ya 2014 yakaja kwa GPA, yaani wastani wa alama, na madaraja ya Distinction na Merit, halafu 2016 Ndalichako, Waziri wa Elimu wa wakati huo, akarudisha divisheni. Leo maksi 52 ni C. Kwa gredi za 2013 ilikuwa B.

Waliotetea mabadiliko yale hawakuwa wajinga, tuseme ukweli. Mtoto wa shule ya kata asiye na mwalimu wa hesabu miaka minne, maabara hajawahi kuiona, unampigia mstari mmoja na wa bweni la kulipia halafu unamwita mbumbumbu? Na mtihani wa mwaka huu unaweza kuwa mgumu kuliko wa mwaka jana, kwa hiyo kusogeza mstari kidogo mahali pengine ndiyo haki yenyewe. Hapo nakubaliana nao. Ila mstari ukishushwa mwalimu wa hesabu haji na hiyo herufi, na yule aliyepewa E ya fizikia kwa maksi 25 akaambiwa hujafeli, hiyo fizikia ataikuta tu mbele, chuo cha ufundi VETA au popote atakapoenda.

Mimi kinachonikera zaidi wala siyo kushusha. Ni kwamba herufi imebaki ile ile wakati kilicho ndani kimebadilika, na cheti hakina shingo ya kupimia. Mwajiri anaweka vyeti viwili mezani, cha 2013 na cha juzi, anaona B na C, anachukua B, haulizi ya mwaka gani. Wa zamani naye anaonewa kwa upande mwingine, akijitokeza tu watu wanasema aah wewe si wale wa gredi za kubebwa, hata kama alipata 74 zake kihalali kabisa. Laiti maksi zenyewe zingeandikwa pembeni ya herufi, hata kwa maandishi madogo, nusu ya haya maneno yasingekuwepo.

Nyumbani kwetu mdogo wangu ana C ya hesabu ya mwaka juzi, binamu yetu ana B ya 2013, na bi mkubwa kila sikukuu lazima awalinganishe, mwenzio alipata B na alikuwa anasoma kwa kibatari. Idi iliyopita nikamvuta binamu pembeni nikamuuliza hiyo B ilikuwa maksi ngapi. Akacheka, akasema hata yeye hajui, anajua ni B tu.