Wazo la Kijana, Mashine ya Bosi

Ukipita Katwe, hapa Kampala, asubuhi utazikuta mashine za kupukuchua mahindi zimepangwa kando ya barabara, rangi bado mbichi. Katika karakana moja ninayoifahamu, kijana mchomeleaji aligundua kwamba punje zinaruka nje kwa sababu mdomo wa kutolea umekaa wima mno. Akaulaza kidogo, akauongezea ukingo wa bati. Wateja wakaongezeka. Bosi alifurahi, ila kijana hakupata hata shilingi ya shukrani, na vipimo vikabaki vya chaki ukutani. Haukupita muda akahama, akafungua kibanda ng'ambo ya barabara. Anatengeneza mashine ileile.

Tumezoea kusema kampuni za kigeni zinatushinda kwa mtaji. Mtaji wanao, sikatai. Lakini tazama Nile Breweries kule Njeru. Mwaka 2002, ikiwa chini ya SABMiller, kampuni kubwa ya bia ya kigeni, ilitoa bia ya Eagle, iliyopikwa kwa mtama. Mtama wenyewe, Epuripur, ulitoka kwa watafiti wetu wa kilimo wa Serere, mashariki mwa Uganda, na mbegu ilikuwapo tangu miaka ya 1990. Kampuni ilifanya ile kazi inayochosha: kujaribu mapishi, kuwatafutia wakulima soko la uhakika, kuzungumza na serikali mpaka bia ya malighafi ya ndani ikatozwa ushuru mdogo. Baadaye Eagle ikafika hadi Zambia.

Si zote zilizo hivyo. Matawi mengi ya kigeni hapa Kampala yanauza tu. Utafiti unafanyika kwingine, sisi tunabadilishiwa ukubwa wa pakiti.

Kinachoniuma zaidi ni kampuni zetu wenyewe. Mwenye mali ndiye meneja, ndiye mhandisi, ndiye mhasibu. Akisafiri, kazi inalala. Mfanyakazi mwenye wazo ananyamaza, kwa sababu ameshaona wenzake walivyotendewa. Hofu ya kuigwa nayo ni ya kweli, maana jirani anakuja na futi yake mchana kweupe. Lakini Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2014 ipo, na URSB, ofisi ya serikali ya usajili, wanasajili. Watasajili nini ikiwa hakuna mchoro?

Wenye karakana, nawaomba muanze na daftari. Andikeni tarehe, mchoro na vipimo, jina la aliyeleta wazo, na elfu tano zake kwa kila mashine itakayouzwa.