Republican na usawa wa intaneti: hoja moja nzito, nyingine nyepesi

Januari 2, 2025 majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa mjini Cincinnati walifuta kanuni za usawa wa intaneti ambazo Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilikuwa imezirudisha Aprili 2024. Chama cha Republican kilikuwa kimeusaka ushindi huo kwa miaka kumi. Kanuni zenyewe hazina utata: kampuni inayokuuzia intaneti isikuzuilie tovuti halali, isibane kasi ya huduma fulani, na isipokee hela ili data ya mmoja itangulizwe mbele ya wengine. Democrat wanazitaka, Republican wanazikataa. Wengi huishia hapo, wakahitimisha kwamba hawa wako na mwananchi na wale wako na makampuni. Ukizipima hoja za Republican moja moja, utakuta iliyo nzito kweli, na utakuta nyingine zinazopeperuka.

Kwanza, hawakuanza wakiwa wapinzani. Mwaka 2005, enzi za Bush, FCC iliyoongozwa na Republican iliibana Madison River, kampuni ndogo ya simu iliyokuwa ikizuia wateja wake wasipige simu kwa intaneti kupitia Vonage. Ililipa dola 15,000 na kuahidi kuacha. Mwaka 2008 mwenyekiti Kevin Martin, Republican, aliungana na wajumbe wawili wa Democrat kuiamuru Comcast, kampuni ya intaneti ya kebo, iache kuwavurugia wateja wanaotumia BitTorrent, programu ya kubadilishana mafaili. Mahakama ikaitupa amri hiyo mwaka 2010, ikisema tume haikuwa na mamlaka hayo kisheria.

Kutoka hapo mambo yakageuka. Novemba 2014 Rais Obama aliitaka tume iziweke kampuni za intaneti kwenye kundi moja na kampuni za simu, chini ya sheria ya mwaka 1934, na seneta Ted Cruz wa Republican akalibatiza wazo hilo "Obamacare ya intaneti", kwa jina la sheria ya bima ya afya ya Obama ambayo chama chake kiliichukia. Suala la kiufundi likavalishwa jezi ya chama. Februari 2015 kura za tume zikawa tatu kwa mbili, kila mjumbe na chama chake, na zimekuwa hivyo hivyo kila suala hili liliporudi mezani.

Hoja yao nzito inahusu nani ana haki ya kutunga kanuni hizi. Sheria ya mawasiliano ya 1996 ina makundi mawili: huduma ya mawasiliano, ambayo inabanwa sana, na huduma ya taarifa, ambayo imelegezwa. Haisemi waziwazi intaneti ya majumbani iko wapi. Mwaka 2002 FCC iliweka intaneti ya kebo kwenye kundi la pili, 2015 ikaihamishia la kwanza, Desemba 2017 ikairudisha la pili chini ya mwenyekiti Ajit Pai, Republican, 2024 ikaipeleka tena la kwanza. Sheria ni ile ile, haikubadilishwa hata nukta, ila maana yake inafuata rais aliyeko Ikulu. Kampuni inayotaka kutandaza mkongo utakaolipa baada ya miaka ishirini inapangaje hesabu zake? Juni 2024 Mahakama ya Juu ilishaamua kwamba majaji hawalazimiki tena kuifuata tafsiri ya taasisi ya serikali pale sheria inapokuwa na utata, na majaji wa Cincinnati waliegemea uamuzi huo. Republican wanaposema kazi hii ni ya Bunge la Congress, sioni pa kuwakosoa.

Ila wakisema hivyo, huwa hawaimalizi kazi. Mwaka 2017 walikuwa na mabunge yote mawili pamoja na Ikulu. Mwezi ule ule Pai alipofuta kanuni, Marsha Blackburn, mbunge wa Republican, alileta mswada wa kupiga marufuku kuzuia na kubana kasi, ila ukaacha wazi mlango wa kulipia kutangulizwa. Haukuwa sheria. Mei 2018 Seneti ilipiga kura 52 kwa 47 kuzirudisha kanuni, na Republican watatu, Susan Collins, Lisa Murkowski na John Kennedy, wakavuka upande. Wenzao katika Baraza la Wawakilishi wakalikalia jambo hilo mpaka muda ukaisha.

Hoja nyepesi ni ile ya soko: mteja akibanwa atahama. Atahamia wapi? Wamarekani wengi, hasa vijijini, wana kampuni moja au mbili tu za kuwaletea intaneti ya kasi nyumbani. Mfano unaopendwa na Democrat ni wa wazimamoto wa kaunti ya Santa Clara, California. Mwaka 2018, wakipambana na moto mkubwa wa Mendocino, gari lao la kuratibu vikosi lilibanwa kasi na kampuni ya simu ya Verizon baada ya kumaliza kiwango cha data, na walipolalamika wakashauriwa wapandishe kifurushi. Kwa haki, Verizon ilikiri ni kosa la huduma kwa wateja, na kanuni za 2015 hazikukataza moja kwa moja kifurushi chenye ukomo. Kilichoondolewa mwaka ule ni mamlaka ya FCC kusikiliza malalamiko ya namna hiyo na kuamua kama mteja ametendewa haki.

Republican hujibu kwa kejeli: mlisema intaneti itakufa Juni 2018, uamuzi wa Pai wa kufuta kanuni ukianza kutumika, mbona bado tunatazama video? Ni swali halali. Tovuti hazikuanza kuuzwa kwa vifurushi kama chaneli za televisheni, wala kampuni hazikufunga huduma za washindani wao. Lakini California ilipitisha sheria yake mwaka huo huo, na 2019 mahakama ikakataa kuiruhusu FCC izipige marufuku sheria za majimbo kwa jumla. Sheria hiyo ya California ilipoanza kutekelezwa Machi 2021, kampuni ya simu ya AT&T iliacha mpango wake wa kutohesabu data ya huduma zilizolipia, ikauacha nchi nzima, kwa kuwa intaneti haijui mpaka wa jimbo. Utulivu wa baada ya hapo huwezi kuupima bila kuitaja California. Ule wa kati ya 2018 na 2021, jimbo likiwa limeahidi mahakamani kusubiri, naupa upande wa Republican.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi aliyezoea bando ya WhatsApp atauelewa mgogoro wa AT&T bila kuelezwa sana. Kwa mwenye hela kidogo ni nafuu ya kweli, na Pai alipofunga uchunguzi wa ofa kama hizo Februari 2017 alisema wateja wanazipenda. Programu mpya isiyomo kwenye bando itapata wapi watumiaji, hilo hakulijibu vya kutosha.

Kinachonisumbua zaidi ni Texas. Mwaka 2021 bunge la jimbo hilo, linaloongozwa na Republican, lilipitisha sheria inayoyaita majukwaa makubwa ya mitandao ya kijamii wachukuzi wa umma, yaani wanaopaswa kubeba maneno ya kila mtu bila kubagua. Ni mzigo ule ule ambao chama kinaapa mwenye waya asibebeshwe. Wanajitetea kwamba kampuni za waya hazijawahi kuwafungia wahafidhina akaunti, majukwaa yamefanya hivyo. Sawa, lakini kuhama Facebook ni rahisi kuliko kuhama kampuni pekee yenye kebo mtaani kwenu. Na ukishakubali serikali imlazimishe mmoja, umeshaacha kusema serikali isiingilie. Unachagua tu wa kuingiliwa.

Wala si kwamba wafuasi wao wanawasukuma huko. Kura ya maoni ya Chuo Kikuu cha Maryland, Desemba 2017, ilikuta robo tatu ya Republican waliohojiwa wanapinga kanuni kufutwa.

Januari 2015 John Thune, seneta wa South Dakota, aliandaa rasimu ya mswada iliyokuwa na marufuku zote tatu: kuzuia, kubana kasi na kulipia kutangulizwa. Badala yake FCC ingenyimwa mamlaka ya kutunga kanuni zaidi. Democrat waliikataa, wakijua tume inakaribia kuwapa zaidi ya hapo. Miaka kumi baadaye tume hiyo haiwezi kuwapa chochote, na Thune tangu Januari 2025 ndiye kiongozi wa walio wengi Seneti, mwenye sauti kubwa juu ya mswada upi uingie ukumbini.